Siku saba Japani: ulale Tokyo au Osaka, na Kyoto uifanyeje

Binamu yangu na mkewe wamepata viza ya Japani wiki iliyopita, siku saba tu wanazo maana likizo ya kazini haiwapi zaidi, na swali lao ni lile lile ninaloulizwa na karibu kila anayepanga hii safari, tulale Tokyo au tulale Osaka? Na Kyoto je, mbona kila picha tunayoona ni ya Kyoto? Mi nilikaa siku kumi na moja, sita Tokyo na tano Osaka, Kyoto nikaenda mara mbili nikitokea Osaka asubuhi na kurudi jioni. Na mimi ni mtu wa jikoni, napika kwa biashara, kwa hiyo macho yangu yalikua kwenye visu na masufuria na vyakula kuliko kwenye magorofa, lijue hilo kabla hujanisikiliza.

Jibu fupi ni hili: kama ni mara ya kwanza, una siku saba na hela ya kuhesabu, usiku nne Osaka na mbili Tokyo, uingilie uwanja mmoja utokee mwingine. Emirates kwa mfano wanatua Narita na Haneda kwa upande wa Tokyo, na Kansai kwa upande wa Osaka, kwa hiyo unaweza kukata tiketi ya kushukia Osaka na kuondokea Tokyo, na mara nyingi bei haipishani sana na ile ya kwenda na kurudi mahali pamoja. Lakini kama safari yako ni ya manunuzi hasa, geuza hesabu, Tokyo nne Osaka mbili. Sasa ngoja nieleze kwa nini maana jibu fupi halitoshi.

Ukubwa wa mji, na miguu yako

Tokyo ni kubwa kwa namna ambayo huwezi kuielewa mpaka uchoke. Sisi tumezoea mji wenye katikati moja, ukisema naenda town kila mtu anajua wapi. Tokyo hakuna katikati moja, Shinjuku ni katikati, Shibuya ni katikati, Ueno, Ginza, Ikebukuro, kila moja ina Kariakoo yake na stesheni yake yenye watu wa kufurika. Stesheni ya Shinjuku peke yake ina milango ya kutokea zaidi ya 200 na watu zaidi ya milioni tatu wanapita kwa siku, ukitokea mlango usio wako unaweza kutembea dakika ishirini kurudi pale ulipotakiwa uwe. Kuna treni ya Yamanote inayozunguka mji kama duara, vituo 30, mzunguko mzima kama saa moja, ukiwa na hoteli karibu na kituo chochote cha hiyo treni umejiokoa na mengi. Ueno mimi napapenda kwa kulala, bei afadhali, treni ya kutoka Narita inafika pale pale, na Asakusa iko jirani.

Osaka sasa, vitu vingi mgeni anavyotaka viko upande mmoja wa kusini unaoitwa Minami. Dotonbori penye yale mabango ya taa, mtaa wa Shinsaibashi wenye paa, soko la Kuromon, mtaa wa vyombo vya jikoni wa Doguyasuji, Denden Town kwa vifaa vya umeme, vyote hivi unatembea kwa miguu. Nilikua nikichoka narudi hotelini naoga, nalala nusu saa, natoka tena. Tokyo huwezi, ukishatoka asubuhi umetoka mpaka usiku. Kwa mtu anayesafiri na mama yake mwenye magoti mabovu au na mtoto mdogo, mi naona hapo hakuna hata cha kushindanisha, ni Osaka.

Kitu kidogo ila kitakusaidia: kwenye ngazi za umeme Tokyo watu wanasimama kushoto, Osaka wanasimama kulia. Angalia aliye mbele yako amesimama wapi na wewe fanya hivo hivo.

Vya kuangalia

Hapa ndio watu wanapotupa hela. Tokyo kuna mnara wa Skytree wa mita 634, mrefu kweli na ulifunguliwa 2012, tiketi yake si haba. Lakini jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku unapanda mpaka ghorofa ya 45, mita 202 juu, bure kabisa, unapanga foleni, wanakagua begi, lifti inakupandisha. Siku ya baridi yenye anga safi unauona mlima Fuji kule mbali mweupe kileleni. Mi nilienda kote kuwili na ningerudia nisingelipa tena, nisingeona tofauti ya hela ile. Osaka ya kupanda juu ni Umeda Sky, minara miwili imeunganishwa juu kabisa, unalipia, ila pale unasimama nje kabisa juu ya paa na upepo unakupiga, hiyo naipa heshima yake, nenda dakika chache kabla ya jua kuzama.

Kwa mahekalu ya Tokyo, nenda Asakusa, hekalu la Senso-ji, na nenda asubuhi saa kumi na mbili, sio saa nne. Getini kuna taa kubwa nyekundu ya karatasi inaning'inia, urefu karibu mita nne, ilitolewa mwaka 1960 na Konosuke Matsushita, yule mwanzilishi wa Panasonic, na jina la kampuni ya zamani limeandikwa pale chini kwenye bamba la shaba, watu wote wanapiga picha wala hawalioni. Ndani kuna kimtaa cha maduka cha Nakamise kama mita 250, asubuhi hiyo maduka yamefungwa lakini milango yake imechorwa, na utakutana na wazee wa mtaa ule wanaokuja kusali kabla ya kazi, wanainama, wanarusha sarafu, wanaondoka. Ikifika saa nne utasukumwa tu.

Osaka kuna ngome, Osaka Castle, mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi ndiye aliyeanza kuijenga mwaka 1583, ila lile jengo refu unaloliona leo ni la zege la mwaka 1931 na ndani lina lifti. Kiingilio kilikua yeni 600, tangu Aprili 2025 ni 1,200. Ushauri wangu usiingie ndani, zunguka nje maana bustani ni bure na nje ndiko kwenye kitu cha kweli, mahandaki ya maji na kuta za mawe. Pita lango la Sakuramon utakutana na jiwe moja, moja tu, kubwa kama ukuta wa nyumba, linakadiriwa tani zaidi ya 100, wanaliita Tako-ishi yaani jiwe la pweza. Lililetwa pale miaka ya 1600 na watu wasio na mashine yoyote. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote Osaka.

Halafu Kyoto. Ndio, ni pazuri, ndio, uende, ulikua mji mkuu tangu mwaka 794 mpaka 1868 na unavihisi hivyo vitu ukitembea. Ila kwa siku saba mi sioni haja ya kuhamisha mabegi kwenda kulala kule. Kutoka Osaka treni ya kawaida ya JR, kampuni kubwa ya reli ya Japani, ni nusu saa, na ile ya kampuni ya Hankyu kutoka Umeda ni dakika arobaini na kitu kwa yeni 400 na ushee, haizidi hela ya kahawa. Hoteli za Kyoto zinapanda vibaya mno wakati wa maua mwanzo wa Aprili na majani mekundu ya Novemba, na usiku mji unatulia mapema. Kama nyinyi ni maharusi mnaotaka kutulia, hapo sawa, laleni usiku mmoja.

Fushimi Inari ya Kyoto ndio ile sehemu ya ibada yenye malango mekundu maelfu yamepangana mlimani. Haina kiingilio na haifungwi, saa 24. Chukua treni ya kwanza ya Keihan ufike kabla ya saa moja asubuhi, panda mpaka juu, mlima wenyewe ni mita 233 tu lakini ngazi ni nyingi, na wengi wanaishia robo ya njia kwa hiyo ukipanda zaidi unabaki na msitu na kunguru. Malango yale yametolewa na wafanyabiashara, ukigeuka ukayaangalia kwa nyuma unaona kila moja lina jina la aliyetoa na tarehe, maana Inari kwao ni mungu wa mpunga na biashara. Mimi kama mtu mwenye kibanda cha chakula niligeuka kila hatua tatu kusoma vitu nisivyoweza kusoma.

Kwa mahekalu ya Kyoto, kati ya Kinkaku-ji, ile nyumba ya dhahabu, na Kiyomizu-dera chagua Kiyomizu. Kinkaku-ji iliteketezwa na mtawa mwanafunzi mwaka 1950 ikajengwa upya 1955, unaiangalia ng'ambo ya bwawa, unapiga picha, unasogezwa na umati, dakika ishirini umeshatoka. Kiyomizu inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na ile baraza yake ya mbao inayotokeza mlimani, mita 13 kwenda juu, imeshikana kwa kuchomekana mbao bila misumari, inama chini uangalie zile nguzo, fundi yeyote wa mbao wa Lamu angekaa pale siku nzima. Na Gion, mtaa wa geisha wa Kyoto, mjihadhari, vile vichochoro vya watu binafsi wamevipiga marufuku kwa watalii tangu 2024 na kuna bango la faini ya yeni 10,000, sababu watu walikua wanawakimbiza wale geisha kwa kamera. Barabara kubwa ya Hanamikoji inapitika, kichochoro chenye bango usiingie.

Kula

Hapa nitakaa kidogo maana ndio shughuli yangu.

Osaka wenyewe wana neno, kuidaore, kula mpaka ufilisike, na wanaliishi. Chakula cha mji ni takoyaki, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana, ni vitumbua vya pweza. Nasema kweli, kikaango ni kile kile, chuma kizito chenye vishimo, nilipokiona mara ya kwanza nilidhani mtu amekibeba kutoka Tanga. Nilisimama mbele ya kibanda kimoja nyuma ya Dotonbori karibu dakika ishirini namwangalia kijana anavyofanya. Anapaka mafuta kwa brashi nene, anamimina uji mwepesi wa ngano na mayai mpaka unafurika juu ya vishimo vyote unakua kama ziwa moja, anatupia vipande vya pweza kimoja kimoja kila kishimo, majani ya vitunguu, tangawizi nyekundu. Halafu anashika vijiti viwili vya chuma vyenye ncha, anakata lile ziwa mistari, anakusanya kingo anazisukumia ndani ya kishimo, anazungusha nusu, anasubiri, anazungusha tena, mikono miwili kwa pamoja, vitumbua hamsini au zaidi, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Nje unakauka kidogo, ndani unabaki uji wa moto kabisa, usiutie mdomoni mzima mzima, utoboe kwanza utoe mvuke. Juu sosi nyeusi tamu, mayonezi, na samaki mkavu aliyeparwa mwembamba kama karatasi anayechezacheza kwa joto. Vilianza hapo hapo Osaka mwaka 1935. Tokyo vipo pia ila mara nyingi wanavikaanga kwa mafuta mengi vinakua vigumu nje, sio kitu kimoja.

Hata ile sushi inayozunguka kwenye mkanda ilianzia upande wa Osaka, mwaka 1958, Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zinapita kwenye mkanda kiwandani akapata wazo. Leo maduka ya namna hiyo yapo kila mji, unaagiza kwenye kioo, sahani nyingi ni yeni mia na kitu, na mtu wawili mnashiba kwa yeni 3,000 kama hamna tamaa ya vile vya bei. Mimi hesabu yangu ya haraka nilikua nachukua yeni 100 kama shilingi 1,700 za Tanzania, au themanini na kitu za Kenya.

Masoko: Tsukiji ya Tokyo, Kuromon ya Osaka, Nishiki ya Kyoto. Ukienda moja tu, nenda Tsukiji. Ule mnada mkubwa wa samaki ulihamia Toyosu Oktoba 2018 na watu wakaambiana Tsukiji imekufa, haijafa, maduka ya nje yote yapo, wauza visu, wauza mwani, wauza samaki mkavu, na wapishi wa kweli bado wananunua pale alfajiri. Kuna vibanda vya mayai ya kukunjwa, tamagoyaki, mpishi anakunja kwenye kikaango cha pembe nne cha shaba, anakupa kipande cha moto kwenye kijiti, kitamu kina sukari kidogo, nilikula vitatu. Fika saa moja au mbili, saa nane mchana wengi wanafunga, na Jumapili usiende. Kuromon mimi ilinisikitisha, ni pazuri kwa macho lakini bei zimewekwa kwa mgeni, kamba mmoja wa kuchoma bei ya mlo mzima kwingine, wenyeji wenyewe utawaona wachache. Nishiki ni kichochoro chembamba cha mita 390 hivi, kizuri kwa achari na viungo, ila wanaomba usitembee huku unakula, simama mbele ya duka ulilonunua umalize.

Sasa kwa Waislamu, hapa lazima niwe mkweli, Tokyo inashinda. Pale Yoyogi-Uehara kuna msikiti wa Tokyo Camii, wa mtindo wa Kituruki, jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000 mahali pa msikiti uliojengwa 1938 na Watatari waliokimbilia Japani, na chini yake kuna duka la vitu vya halali. Shin-Okubo kuna mtaa mzima wa maduka ya halali, mchele wa basmati, viungo, nyama ya mbuzi ya kugandishwa, unasikia adhana kwenye simu za watu. Asakusa kuna ramen, zile tambi za mchuzi, ya halali. Osaka vipo lakini unavitafuta. Ila msiogope Osaka kwa hilo, karibu tu pale Kobe, nusu saa haifiki kwa treni, ndiko kwenye msikiti wa kwanza wa Japani, wa mwaka 1935, ulipona mabomu ya vita na ukapona tetemeko la 1995, ukaswali Ijumaa pale utafurahi.

Tatizo si nyama tu, ni vilivyojificha. Mimi niliagiza tambi za mboga kwenye mgahawa mmoja, nikamaliza bakuli, ndio nikaonyeshwa kwamba mchuzi ulichemshwa na mifupa ya nguruwe. Nilikaa na hilo siku nzima. Tangu hapo nikajifunza, nguruwe ni buta au butaniku, na sosi nyingi zina mirin ambayo ni pombe tamu ya mchele. Okonomiyaki, ile kama chapati nene iliyojaa kabeji, kawaida inawekwa vipande vya nguruwe juu, unaomba ya kamba au ya pweza. Njaa ikikubana na huna uhakika, ingia 7-Eleven au Lawson chukua onigiri, wali umefungwa kwa mwani, wa samaki, na hata hapo soma maandishi kwa simu yako inayotafsiri picha. ATM za 7-Eleven pia zinakubali kadi za nje.

Na kitu ambacho sikuambiwa na mtu: chini ya yale maduka makubwa ya kifahari, Tokyo na Osaka kote, ghorofa ya chini ya ardhi ni soko la vyakula vilivyopikwa, na jioni karibu na kufunga wanaanza kubandika karatasi za punguzo, ukiona alama 半額 ni nusu bei. Tulikua tunakula samaki wa kuchoma wa daraja la juu kwa bei ya chipsi.

Manunuzi

Kwa visu na vyombo, Kappabashi ya Tokyo dhidi ya Doguyasuji ya Osaka. Kappabashi ni kama mita 800, maduka mia na zaidi, iko kati ya Ueno na Asakusa, ukitaka kijiko utapata vijiko vya aina mia mbili, inachosha lakini kwa mtu wa jikoni ni karamu. Doguyasuji ni fupi, mita 150 hivi, unaimaliza kwa saa moja. Ningesema Kappabashi bila kusita, ila kuna jambo moja, visu vingi vya wapishi wa Japani vinatengenezwa Sakai, mji ulioungana na Osaka, na maduka ya Doguyasuji yamejaa vya kule. Nilinunua hapo. Mzee mwenye duka alinishika mkono kwanza akaangalia kiganja changu, akaniondolea kile nilichochagua akaniletea kifupi zaidi. Akakinoa mbele yangu kwenye kinoo chenye maji, taratibu, akisikiliza sauti, akafuta, akachukua nyundo na patasi ndogo akachonga jina langu kwenye ubapa kwa maandishi yao, herufi moja moja. Nimekitumia miaka miwili sasa, kitunguu hakiniumizi macho. Muulize kama ni cha chuma cha kaboni, hicho kinashika kutu, mtu wa pwani mwenye hewa ya chumvi achukue kisichoshika kutu.

Mitumba, eh, msidharau. Shimokitazawa ya Tokyo ni mtaa wa mitumba mtupu, na Osaka kuna Amerikamura. Shimokitazawa ni bora, imepangwa, nguo zimefuliwa na kupigwa pasi, na maduka ya 2nd Street yapo miji yote miwili kwa viatu na mikoba. Bei ya juu kuliko Memorial au Gikomba lakini ukitafuta koti la baridi zuri hutajuta.

Vifaa vya umeme, Akihabara ya Tokyo inaizidi Denden Town ya Osaka kwa wingi, ila sikilizeni vizuri, umeme wa Japani ni volti 100 na wa kwetu ni 230 mpaka 240. Lile jiko zuri la kupikia wali ulilolipenda ukilichomeka nyumbani litaungua siku ya kwanza. Tafuta vile vilivyoandikwa kwamba ni vya nje, volti 220 mpaka 240, kwenye maduka makubwa wana kona yake. Chaja za simu na kamera hazina shida, nyingi zinakubali zote mbili, angalia maandishi nyuma.

Zawadi za nyumbani, hapa Kyoto inashinda. Kuna tenugui, kitambaa cha pamba kirefu, na furoshiki, kile cha mraba cha kufungia vitu, na bibi mmoja dukani alinionyesha namna tano za kukifunga kikawa mkoba. Nilimwonyesha picha ya khanga kwenye simu, akaelewa papo hapo. Na kumbe kuna wakati khanga nyingi zilizouzwa pwani yetu zilichapwa Japani, kwa hiyo hawa watu na sisi tumeshikana vitambaa zamani. Nilibeba kumi na mbili, havina uzito.

Duka la Don Quijote liko kote, linauza kila kitu kuanzia sabuni mpaka saa, usipoteze muda kuchagua mji kwa ajili ya duka hilo. Kuhusu kodi, mgeni akinunua kuanzia yeni 5,000 bila kodi kwenye duka moja siku moja anaondolewa ile asilimia 10 pale pale kwa pasipoti, ila kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 mfumo unabadilika, utalipa bei kamili na kurudishiwa uwanja wa ndege, kwa hiyo mtakaokwenda baada ya hapo msipakie vitu ovyo kabla ya kukaguliwa.

Treni na hela yake

Video nyingi za zamani zinasema nunua JR Pass, ile tiketi moja ya kupanda treni za JR kwa siku kadhaa. Usinunue kwa safari hii. Ya siku saba ilikua yeni 29,650, Oktoba 2023 ikapanda mpaka 50,000. Shinkansen, ile treni ya kasi, kutoka Osaka kwenda Tokyo ni saa mbili na nusu na nauli kama yeni 14,000 na kitu, na nyinyi mnapita mara moja tu kwa kuwa mnaingilia huku mnatokea kule, sasa 50,000 ya nini? Mkitoka Osaka kaeni upande wa kushoto, viti vya E, hali ya hewa ikiwa nzuri Fuji anapita dirishani. Ndani ya miji chukua kadi ya kulipia nauli, Suica au ICOCA, zinafanya kazi kote kote.

Kwa hiyo binamu, mimi ningepanga hivi. Mnashukia Kansai, treni ya Nankai mpaka Namba dakika arobaini na tano hivi, siku hiyo mnakula takoyaki na kulala. Siku ya pili Kyoto alfajiri, Fushimi Inari halafu Kiyomizu, jioni mnarudi. Siku ya tatu mji jirani wa Nara, paa wa mjini zaidi ya elfu moja wanaoinamisha kichwa wakiomba biskuti, wifi atapenda sana, na yule Buddha mkubwa wa shaba wa hekalu la Todai-ji, mrefu karibu mita 15. Siku ya nne Osaka yenyewe, jiwe la pweza asubuhi, Doguyasuji mchana, na kama ni Ijumaa kimbieni Kobe kwanza. Siku ya tano treni kwenda Tokyo, mnalala Ueno. Siku ya sita Asakusa alfajiri, Kappabashi, jioni Shinjuku juu ya lile jengo la bure. Ya saba Tsukiji asubuhi halafu uwanja wa ndege.

Na kisu, binamu, kiwe kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, kimefungwa kwenye boksi lake, sio la mkononi, na risiti iwe pamoja nacho.